Kwenda Mkeshani kwa Rafiki wa Meza ya Puli: Mwongozo kwa Wachezaji Wenzake

Mchezaji wa puli, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, akifariki, wanaomlilia ni wa nyumbani na wa mezani, na mara nyingi pande hizi mbili hazijuani. Nyumbani anajulikana kwa jina alilopewa na wazazi, kwa kazi yake ya mchana na kwa watoto wake. Mezani anajulikana kwa jina la utani, kwa mkono wake wa kuvunja (pigo la kwanza la kutawanya mipira), na kwa zile saa za usiku ambazo familia ilikuwa ikimsubiri. Siku ya mkesha wote wanaketi pamoja, pengine kwa mara ya kwanza, na ninyi wa mezani mnaingia mkiwa na sehemu ya maisha yake ambayo wafiwa hawakuiona. Kazi yenu kubwa ni kuikabidhi sehemu hiyo kwa heshima. Hapa tunaeleza nini cha kubeba, nini cha kusema na nini cha kuacha nje ya mlango.

Taratibu za dini na za ukoo hutofautiana. Zikipingana na lolote lililoandikwa hapa, fuata za wafiwa.

Habari inapofika

Hakikisha kwanza ni nani aliyefariki. Majina ya utani hurudiwarudiwa. Ukumbi mmoja unaweza kuwa na watu watatu wanaoitwa jina lilelile, na imewahi kutokea mtu kuliliwa akiwa hai. Pata jina lake kamili, kisha mpigie mtu mmoja wa familia au wa karibu na familia. Usisambaze kitu chochote kabla mtu huyo hajakuambia kwamba ndugu wote wa karibu wameshapata habari. Mtoto wa marehemu kupata habari ya msiba kupitia kundi la wachezaji ni jeraha lisilopona upesi.

Chagueni mtu mmoja tu wa kuzungumza na familia kwa niaba ya wachezaji wote. Wapigaji kumi na wawili wanaouliza swali lilelile huwachosha wafiwa kuliko wanavyowafariji. Huyo mmoja aulize kwa mkupuo mmoja, akiwa na kalamu mkononi: mkesha ni wapi na unaanza saa ngapi, je, uko wazi kwa wote au ni wa ndugu, mavazi gani yanatakiwa, michango inapokelewa na nani, je, mtu wa mezani ataombwa kusema neno, je, familia itaridhia kitu cha mchezo kiwekwe karibu na marehemu, na mwili utazikwa au utachomwa. Swali hili la mwisho husahaulika, na ndilo linaloamua mambo ya fimbo, kama tutakavyoona.

Ujumbe kwa wachezaji uwe mfupi na uwe na majina yote mawili, kwa sababu wengi wao hawalijui jina lake rasmi na watapita mlangoni pasipo kujua kama wamefika. Kwa mfano: “Ndugu yetu (jina kamili), tuliyemwita (jina la utani), amefariki. Mkesha ni (mahali), (siku), kuanzia (saa). Familia imeomba mavazi ya heshima. Maswali yote yapelekwe kwa (mtu mmoja). Tafadhali msiwapigie wafiwa.” Upelekeeni pia wale ambao hawaonekani siku hizi: mwenzake wa zamani wa michuano ya wawili wawili, mwenye ukumbi, fundi aliyekuwa akimbadilishia ngozi ya nchani mwa fimbo, na wapinzani wake wa timu nyingine. Na mtu aliyegombana naye asirukwe. Aje au asije, huo ni uamuzi wake mwenyewe.

Matayarisho

Nendeni kwa makundi madogo ya watu wanne au watano. Watu ishirini wakiingia kwa pamoja, wafiwa hulazimika kusimama na kushika mikono ishirini mfululizo, na mazungumzo yote ya chumbani hukatika. Mkiachana kwa nusu saa hivi, kila kundi litapata nafasi ya kuketi na kusikilizwa.

Vaa nguo safi zenye rangi tulivu. Fulana ya timu ivaliwe tu ikiwa familia imeiomba. Vinginevyo inafanya mkesha uonekane kama mashindano. Kagua mikono yako. Wachezaji wengi hubaki na rangi ya chaki inayopakwa nchani mwa fimbo kwenye bonde kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kwenye mkono unaoshikilia ncha ya fimbo, na hawaioni tena kwa mazoea. Inatoka kwa sabuni na mswaki wa kucha. Kagua na mifuko ya koti pia, maana kipande cha chaki kilichosahaulika huacha vumbi kwenye kila kinachoguswa. Usinywe pombe kabla ya kwenda, hata kama ndivyo mlivyozoea kuanza jioni zenu pamoja naye.

Cha thamani kuliko vyote mnavyoweza kubeba ni picha. Familia nyingi hazina hata moja inayomwonyesha mpendwa wao akiwa ameinama mezani, uso wake ukiwa umetulia namna ile ambayo ninyi mliizoea. Kusanyeni nyingi, kisha chagueni sita hadi kumi. Ondoeni zenye chupa nyingi mezani, zenye noti zilizowekwa ukingoni mwa meza, na zenye mtu ambaye kuonekana kwake kutaleta maswali nyumbani. Chapisheni nakala, wala msitoe picha halisi ya pekee. Nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli laini mwaka, mahali, na majina ya waliomo kuanzia kushoto kwenda kulia. Wino huweza kupenya karatasi au kuhamia kwenye picha ya chini yake. Tieni zote ndani ya bahasha moja, na mkabidhi mtu mzima mmoja wa familia ili azione kwanza peke yake. Yeye ndiye atakayeamua kama zipitishwe kwa watu usiku huo.

Kuingia na kutoa pole

Kwenye kitabu cha waombolezaji andika jina lako kamili, jina lako la utani, na neno “puli”. Baada ya majuma kadhaa mjane atakapopitia kurasa zile, orodha ya majina matupu asiyoyajua haitamwambia kitu. Hilo neno moja litamweleza watu wale walitoka wapi na walikuwa wengi kiasi gani.

Unapowafikia wafiwa, jitambulishe wazi, kwa sauti ya chini, na usidhani kwamba wanakufahamu. “Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba. Naitwa fulani; nimecheza puli na marehemu kwa miaka kumi na tano. Alikuwa mtu wetu wa karibu sana.” Basi. Kama ni rika lako, “Pole sana dada” au “Pole sana kaka” inatosha, na maneno yaliyobaki ni yaleyale. Dakika moja inatosha, kwa sababu nyuma yako wapo wengine. Ukiulizwa zaidi, kaa na ueleze. Usipoulizwa, songa mbele.

Mjane, mjane mwanamume, au mtoto anaweza kuwa na uchungu na mchezo wenyewe. Labda meza ilimchukulia mtu wake jioni nyingi, au ilikula mshahara. Akikuambia hivyo, usiutetee mchezo wala usimtetee marehemu. Jibu lenye heshima ni: “Nakuelewa mama. Pole sana.” Kinachokatazwa kabisa ni kumwambia kwamba marehemu “alikuwa na furaha ya kweli akiwa mezani”. Wewe unadhani unamsifu; yeye anasikia kwamba nyumbani hakuwa na furaha.

Jeneza likiwa wazi, simama mbele yake kwa utulivu, mikono ikiwa imeshikana mbele yako, kisha upishe. Usipige picha. Usiweke chaki kwenye mfuko wa suti ya marehemu wala juu ya kitambaa cha jeneza. Ni tamanio la wengi, nasi tunalielewa, lakini lina madhara yake. Chaki ya puli si chaki ya ubaoni. Tangu William Spinks na William Hoskins walipopata hataza yao nchini Marekani mwaka 1897, imetengenezwa kwa unga mgumu wa silika na vikwaruzo uliotiwa rangi, ili ishike ngozi ya fimbo. Unga huo ukiingia kwenye shati jeupe au satini, kuupangusa kwa mkono huusambaza tu, na doa la buluu kifuani mwa marehemu ndilo familia itakaloliona hadi kifuniko kifungwe. Kama wameridhia chaki iwekwe, itie kwanza kwenye mfuko mdogo wa kitambaa uliofungwa vizuri, uiweke pembeni, mbali na mikono na uso.

Fimbo yake

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fimbo ya kawaida ya mchezaji mzoefu ina vipande viwili vinavyoungana kwa skrubu katikati. Ikiunganishwa ina urefu wa sentimita 147 hivi, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 510 na 600. Iliyounganishwa huingia jenezani, ila hulala juu ya mwili au kuusukuma kando, na watu huishia kuihangaikia mbele ya wafiwa. Familia ikitaka azikwe nayo, ifungueni, kila kipande kina urefu wa karibu sentimita 74, na muombe wahudumu wa mazishi waviweke vyote viwili kandokando ya mkono aliochezea. Hilo lifanyike kabla watu hawajaanza kuingia. Hakikisheni vilevile kwamba fimbo ni yake kweli. Zile za kipande kimoja zinazoning’inia ukutani ni mali ya ukumbi, hata kama alikuwa akichagua ileile kila siku, hivyo mwenye ukumbi aombwe kwanza.

Mwili ukiwa wa kuchomwa, mambo hubadilika. Ndani ya fimbo nyingi kuna skrubu ya chuma kwenye kiungio na kipande cha chuma cha kuongeza uzito kwenye kitako. Baadhi ya zile za kisasa zina nusu ya mbele iliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na nyuzi hizo hazifai kuingia tanurini. Mipira ya sasa ni ya resini ngumu, nayo isiingie pia. Kuweni waangalifu zaidi na mipira ya kale ambayo baadhi ya wachezaji huirithi kama kumbukumbu. Kuanzia miaka ya 1870 mingi ilitengenezwa kwa seluloidi, aina ya plastiki ya kale, kufuatia kazi ya John Wesley Hyatt aliyekuwa akitafuta mbadala wa pembe za ndovu, na seluloidi hushika moto kwa haraka na kwa nguvu. Kanuni salama ni moja: hakuna kitu kinachoingia kwenye jeneza la kuchomwa bila wahudumu kukiona na kukubali. Kukificha chini ya nguo ni kuwahatarisha watu wanaofanya kazi pale. Fimbo inaweza kusimama karibu na jeneza wakati wa mkesha, kisha ikarudi nyumbani na familia. Ukiuliza maoni yetu, hivyo ndivyo bora hata kwa mazishi ya kaburini, maana mtoto asiyecheza leo anaweza kuitaka baada ya miaka kumi.

Mpira mmoja kama kumbukumbu unapendeza, ila usiuweke juu ya kifuniko. Una kipenyo cha milimita 57 na uzito wa gramu 156 hadi 170, utabingirika mara tu jeneza likiinuliwa, na utamwangukia mbebaji mguuni. Uwekeni juu ya meza ya picha, ndani ya kikombe kidogo au kwenye duara la kitambaa kilichokunjwa.

Fimbo ikibaki na familia, waachieni maelezo mafupi yaliyoandikwa. Hao si wachezaji. Wataiegemeza kwenye kona ya chumba kwa miezi, nayo itapinda. Ikae imefunguliwa vipande viwili, ndani ya kasha lake, ndani ya nyumba yenye joto na unyevu usiobadilikabadilika, si darini, si garini, wala si karibu na jiko. Isipigwe msasa, isipakwe mafuta, na ile ngozi ya mbele isibadilishwe. Mduara wa ngozi ile ulichongwa na mkono wake kwa namna aliyoipenda, na alama za jasho kwenye mshikio ni zake. Fundi mwenye nia njema anaweza kuvifuta vyote viwili kwa robo saa.

Suala la bei nalo linahitaji ulinzi. Fimbo iliyotengenezwa kwa mkono, yenye sahihi ya fundi, huwa na thamani kubwa sana kuliko inavyofikiriwa na asiyecheza, na katika kila msiba hutokea mtu anayejitolea “kuwasaidia” wafiwa kuiondoa nyumbani. Mkesha usiwe mahali pa kutaja bei. Mwakilishi wenu aiambie familia jambo moja tu: wasiuze, wasigawe, na wasimkopeshe mtu kitu chochote cha mchezo mpaka wapate makadirio ya watu wawili wasiohusiana na wasiotaka kuinunua. Wapigieni picha nne kwa ajili hiyo: fimbo nzima, kiungio kikiwa kimefunguliwa, kitako, na sahihi au alama yoyote.

Fimbo za zamani zinaweza kuwa na pembe za ndovu, hasa kwenye kile kipete cheupe kilicho chini ya ngozi, kwenye kiungio, au katika nakshi. Marufuku ya biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ilianza kutumika mwaka 1990, kwa hiyo fimbo ya namna hiyo haivushwi mpaka wala kuuzwa nje ya nchi bila vibali. Ndugu anayeishi ugaibuni asiibebe tu kwenye mizigo yake anaporudi. Wala msijaribu kuipima kwa sindano ya moto kama watu wanavyoshauriana. Kipimo hicho huharibu kitu kilekile mnachotaka kukijua. Mpelekeeni fundi anayeaminika aitazame.

Na yule anayesema “aliniahidi fimbo hii”? Pengine ni kweli. Amwambie mkubwa wa familia mara moja, baada ya mazishi, akiwa na shahidi aliyesikia ahadi hiyo. Wakikataa, jambo liishe hapo.

Madeni na michango

Kwenye puli fedha hupita mikononi: dau, viingilio, mfuko wa timu, zawadi ambazo hazijagawanywa. Kama marehemu alikuwa akikudai, lipa, hata kama hakuna mwingine anayejua. Weka fedha kwenye bahasha, andika kiasi na jina lako, na mkabidhi mtu mzima wa familia mbele ya mchezaji mwingine, siku itakayofuata mazishi. Akiuliza lilikuwa deni la nini, mwambie ukweli kwa maneno machache. Kama wewe ndiye ulikuwa ukimdai, mkesha si mahali pake, wala si kwa kunong’ona, wala si kwa kumtuma mtu. Deni la dau lisamehe. Deni la mfuko wa timu lipelekwe baadaye na mweka hazina akiwa na hesabu iliyoandikwa, na timu ikiweza kulifuta, ilifute.

Mchango wenu uhesabiwe na watu wawili na ukabidhiwe ukiwa mmoja. Ndani ya bahasha wekeni jumla na orodha ya majina bila kiasi cha kila mtu, ili aliyetoa kidogo asione haya.

Mkiombwa kusema

Asemaye awe mmoja. Dakika tatu ndizo zinazofaa, yaani maneno kama 300 yakisomwa polepole. Yaandike na uyasome kwa sauti nyumbani huku ukitazama saa. Jitambulishe, eleza ulivyokutana naye, simulia jambo moja kutoka mezani, jingine moja alilomtendea mtu nje ya meza, kisha zungumza na familia moja kwa moja na uketi.

Ugumu uko kwenye lile la mezani, kwa sababu wengi wanaosikiliza hawajui mchezo. Kusema kwamba alimaliza meza mara nne mfululizo hakuwagusi. Chagua tukio linaloonyesha tabia, na ulieleze kama unavyomweleza mgeni. Bora kuliko yote ni siku alipojihukumu mwenyewe. Waeleze kwamba mechi nyingi za puli huchezwa bila refa. Kwenye mchezo wa mipira tisa, mpira mweupe lazima uguse kwanza ule wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Na ukigusa mwingine kwa unywele tu, mara nyingi mchezaji mwenyewe ndiye pekee anayejua. Kama rafiki yenu aliwahi kusimama, akasema “ni faulo yangu,” na kumpa mpinzani mpira mweupe katika mechi aliyokuwa anashinda, basi hiyo ndiyo hadithi. Hata bibi ambaye hajawahi kuona meza ya puli ataielewa, na mtoto wa marehemu ataondoka nayo.

Usisimulie dau kubwa aliloshinda, usiku aliorudi nyumbani kwa kudanganya, jinsi alivyomhadaa mgeni kwa kujifanya hajui kucheza, wala aliyoyasema alipolewa. Mchekesho mnaoupenda nyote ukumbini unaweza kuwa ndio uliosababisha ugomvi nyumbani wiki nzima. Upime kwa njia hii: mtoto wake mdogo kuliko wote ameketi kiti cha mbele. Kama ungesita kumtazama ukisema sentensi fulani, ifute. Jina la utani nalo, jua asili yake kabla ya kulitamka kwenye kipaza sauti. Baadhi yake yalitokana na mambo yasiyofaa kuelezwa pale.

Saa ndefu za usiku

Wachezaji wa puli wana kipawa kimoja ambacho kwenye mkesha kina thamani kubwa: wamezoea kuwa macho saa nane usiku. Kitumieni. Waombolezaji wengi huondoka mapema, na ile sehemu ya kati ya usiku wa manane na alfajiri huachiwa wafiwa waliochoka kabisa. Muulizeni msimamizi wa familia kama mnaweza kuzibeba saa hizo, kisha mpangane wanne wanne kwa zamu za saa mbili: mmoja mlangoni, mmoja kwa wazee, mmoja wa kutumwa, mmoja wa kupokea magari. Zamu ya saa nane hadi saa kumi ndiyo ngumu. Wapewe wenye nguvu, wala isiachiwe wanaopaswa kuendesha gari asubuhi.

Mkikusanyika kona moja, kicheko hupanda bila kukusudia. Kucheka ukimkumbuka rafiki hakuna ubaya, lakini tokeni nje mkisikia sauti zimepaa. Msicheze kamari ya aina yoyote pale, hata ya karata za kupitishia usingizi.

Mwangalieni pia mmoja wenu ambaye hakuna atakayempa pole: mwenzake wa mezani. Waliocheza wawili wawili kwa miaka mingi, wakipokezana mpira kwa mpira bila kusemeshana, wamepoteza mtu wa karibu sana, na kwenye mkesha huketi safu ya nyuma kama mgeni yeyote. Mpeni mtu wa kukaa naye usiku mzima na kumfikisha nyumbani. Vivyo hivyo kwa aliyeacha pombe; usiku kama huu ni mgumu kwake, na asiachwe arudi peke yake kupitia ukumbini.

Baada ya mazishi

Wengi hutaka kucheza kwa heshima yake usiku uleule. Ngojeni. Ukumbi uliojaa makofi wakati mwili haujazikwa ukifika masikioni mwa familia utawaumiza. Mpaka azikwe, inatosha kuzima taa ya meza aliyoipenda na kuiacha imefunikwa.

Mashindano ya kumbukumbu yafanywe baada ya majuma machache, na familia iombwe kibali cha kutumia jina na picha yake. Pigeni hesabu ya muda kwa uaminifu. Wachezaji 16 kwa mtoano wa moja kwa moja ni mechi 15. Mkicheza hadi ushindi wa michezo mitatu na kukadiria dakika 40 kwa mechi, meza mbili zinahitaji awamu nane, yaani saa tano na dakika ishirini. Meza nne zinahitaji awamu tano, saa tatu na dakika ishirini. Makosa ya kawaida ni kualika familia saa kumi jioni kwa fainali inayoanza usiku wa manane. Kama wako 32, wacheze wawili wawili kwa kupokezana mipira: timu 16, ratiba ileile, na hakuna anayekosa nafasi. Mkaribisheni mtu wa familia avunje mpangilio wa kwanza, na mmfundishe kushika fimbo faraghani kabla watu hawajafika. Fedha zinakokwenda zitangazwe kabla ya kukusanywa.

Limebaki kabati lake ukumbini. Lisifunguliwe na mwenye ukumbi peke yake wala na marafiki peke yao. Wawepo watu wawili wa mezani na mmoja wa familia, na kila kinachotoka kiandikwe na kusainiwa na wote watatu. Pitieni karatasi na barua bila kuzisoma na mzikabidhi zikiwa zimekunjwa kama zilivyokutwa. Mali ya ukumbi irudi ukumbini na ufunguo urudishwe kwa maandishi. Na glavu yake ya kuchezea, ile iliyokakamaa kwa jasho na chaki, itieni kwenye mfuko safi na mumpe wa nyumbani bila kuifua.